Unaanza kubashiri milipuko ya Jua? Angalia kwanza ulivyogawa data

Wengi tumeanzia palepale: ramani za uga sumaku wa Jua zinazopimwa na kifaa cha HMI kwenye setilaiti ya SDO, iliyorushwa Februari 2010. Ramani mpya kila dakika 12, tena bure. Utazipakua, utaifundisha modeli yako (programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na data), na jioni yake utapata matokeo mazuri ajabu. Usiyaamini bado.

Mimi niliyaamini wiki tatu nzima. Nilikuwa nimezichanganya ramani zote kama karata, nyingine za kufundishia, nyingine za kujaribia. Sasa fikiria: kundi moja la madoa ya Jua (sehemu nyeusi zenye uga sumaku mkali) huweza kuonekana kwetu karibu wiki mbili, na ramani ya saa nne kamili na ya saa nne na dakika 12 huwezi kuzitofautisha kwa urahisi. Modeli ilikuwa inafanya mtihani ambao majibu yake imeshaonyeshwa. Nilipogawa upya, kundi zima la madoa likikaa upande mmoja tu, alama ziliporomoka. Iliniuma, lakini hizo ndizo zilizokuwa alama zangu halali.

Asilimia ya usahihi nayo iache. Milipuko ya daraja la X, lile la juu kabisa kwa nguvu, ni adimu, kwa hiyo modeli inayosema "leo hakuna" kila siku itapata asilimia kubwa bila kujua lolote. Tumia kipimo cha TSS: chukua kiwango cha milipuko iliyonaswa, toa kiwango cha kengele za uongo. Msema "hakuna" anaambulia 0.

Kuna mtego mwingine. SDO inapozunguka Dunia, mwendo wake kulielekea Jua hubadilika, na vipimo vya uga hupanda na kushuka kila saa 12 na 24. Ukiona wimbi la namna hiyo kwenye grafu, ni la setilaiti, si la Jua.

Na tafadhali, zitazame ramani kwa macho yako. Fungua za eneo 12673 (namba iliyopewa kundi moja la madoa), kuanzia tarehe 3 hadi 6 Septemba 2017, uzipitishe mojamoja. Mwanzoni utaona doa moja tulivu. Kisha sumaku mpya inachomoza kando yake, sehemu zenye sumaku chanya na zenye hasi zinabanana, na mstari unaozitenganisha unapinda na kukazika. Tarehe 6 ukatoka mlipuko wa X9.3. Usitie namba yoyote kwenye modeli kabla hujauona mstari ule.