Changamoto ya moyo

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Kwenye kazi ya darasani niliandika: "Seli za moyo hukabiliana na changamoto ya shinikizo la damu kwa kuongezeka." Mwenzangu anasema hapo "kuongezeka" nimekosea. Nani mkweli?

Jibu: Mwenzako. Seli kuongezeka ni kwa idadi, kama wageni wa harusi pilau ikishapakuliwa. Seli za misuli ya moyo wa mtu mzima ni nadra kugawanyika; zikizidiwa na kazi ya kusukuma damu, kila moja hunenepa, na ukuta wa moyo nao ukanenepa. Kuongezeka waachie mama wajawazito: seli za tezi za matiti yao huzidi idadi kweli, zikijiandaa kwa maziwa.

Hilo limekwisha. Lakini mwanangu, mwenzako huyo hodari ameipitaje "changamoto" bila hata kuitupia jicho?

Changamoto ni ndugu wa changamka. Ni jambo la kukutia ari: unaambiwa Kilimanjaro huiwezi, nawe unafunga kamba za viatu. Siku hizi bomba likikauka, changamoto ya maji. Daraja likisombwa, changamoto ya barabara. Majuzi msibani nikasikia marehemu "alikuwa na changamoto ya moyo". Changamoto gani hiyo ya kumchangamsha mtu hadi kaburini?

Mtazame kuli wa bandarini. Gunia begani kila siku, misuli inanenepa, na kesho anabeba zaidi ya jana. Hiyo ni changamoto, sina ugomvi nayo. Sasa mfunge kuli huyohuyo hogo mguuni wiki sita. Seli za misuli zikikosa kazi husinyaa; hogo likitolewa, paja limebaki kama la kuku wa kienyeji. Nani kachangamka hapo? Na akishikwa na presha, moyo wake utanenepa kama lilivyonenepa bega, na hapo ndipo neno lako linapodanganya: miaka inapita moyo ukionekana umeitikia wito, kumbe ukuta unakakamaa, nafasi ya damu inabana, mwisho unachoka. Huo ni mzigo. Tunalo neno mzigo, tunalo tatizo, adha, dhiki, kero, na yote hayalipiwi ushuru.

Andika: "Seli za misuli ya moyo huhimili mzigo wa shinikizo la juu la damu kwa kunenepa." Mkufunzi akikurudishia karatasi na wino mwekundu pembeni, "sema changamoto", mwandikie tu. Mtihani ni wako, presha ni yangu.