Mashimo yanayobadilika kila sampuli: yapi ya kuaminika?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu katika hisabati, nafanya uchambuzi wa data kwa topolojia, yaani kutafuta umbo la data, kama vile mashimo yake. Nina pointi 5,000, kila moja ina vigezo 40. Nikiiendesha Ripser (programu ya kutafuta mashimo hayo) hadi H2 (mashimo yaliyofungwa pande zote kama ndani ya mpira), kumbukumbu ya kompyuta inajaa na programu inakatika. Nikichukua pointi 300 kwa bahati nasibu inamaliza, ila mashimo ya H1 (ya aina ya pete) hayafanani sampuli hadi sampuli. Niamini yapi?

Jibu: Pointi 5,000 huzaa pembetatu zipatazo bilioni 20.8, na hizo ni za H1 tu. H2 inadai na tetrahedroni (maumbo ya pointi nne nne), takriban trilioni 26. Ripser ina mbinu za kukwepa kuziandika zote, lakini kwa wingi huo haitakuokoa. Weka H2 kando kwanza.

Sampuli ya bahati nasibu hujaza penye msongamano na kuacha wazi penye pointi chache, ndipo mashimo ya uongo yanapozuka. Chagua hivi badala yake: anza na pointi yoyote, kisha kila mara ongeza ile iliyo mbali kuliko zote na zilizokwisha kuchaguliwa. Ukifika 500 (pembetatu milioni 20.7), tafuta r, yaani umbali mkubwa kabisa kutoka pointi yoyote ya data hadi sampuli. Ukipima skeli (umbali ambao pointi huunganishwa) kwa urefu wa ukingo, yaani mstari kati ya pointi mbili, mchoro wa Vietoris–Rips wa sampuli (unaoonyesha kila shimo linazaliwa na kufa kwenye skeli gani) hauwezi kutofautiana na wa data nzima kwa zaidi ya 2r. Kwa hiyo shimo ambalo kifo chake ukitoa kuzaliwa kwake kinazidi 4r lina mwenzake kwenye data nzima. Lililo chini ya hapo usilitetee mbele ya watahini.

Njia hii ina kasoro moja kubwa: hupenda pointi zilizopotoka, maana ndizo zilizo mbali. Pima umbali wa kila pointi hadi jirani yake wa 15, ondoa asilimia 1 iliyo juu, rudia kwa 3 na 5. Kumbuka dhamana ya 4r sasa inahusu data iliyosafishwa. Vigezo navyo viwe kwenye kipimo kimoja, la sivyo chenye maelfu kitameza vingine. Kwa vigezo 40, r yaweza kuwa kubwa hata 4r ikafunika kila kitu. Hapo sampuli haitoshi, panda hadi 1,500.

Kizingiti, yaani skeli ya juu kabisa ambayo Ripser itafika, usikiweke kwa kukisia. Ukikishusha mno, mashimo ambayo hayajazibwa yataonekana hayafi kamwe. Usipokiweka, Ripser husimama yenyewe pale ambapo pointi moja imezifikia zote, kwani kuanzia hapo hakuna shimo linalobaki.

Kabla ya yote, jaribu pointi 200 zilizopangwa sawasawa kwenye duara la nusu kipenyo 1. Utarajie shimo moja, lizaliwe karibu 0.03 na kufa karibu 1.73. Likifa karibu 0.87, programu yako inapima nusu ya ukingo, na 4r yako inageuka 2r.