Treni ya chini kwa chini, au ya chini ya ardhi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika maelezo ya Kiswahili ya video inayoonyesha jinsi njia mpya ya treni, ile ya Elizabeth, ilivyojengwa chini ya jiji la London. Nimeandika hivi: "Mstari mpya wa treni za chini kwa chini una mahandaki ya kilomita 42 na stesheni mpya 10. Ada alianza kuchimba mwaka 2012." Shemeji yangu kaisoma, kacheka mpaka kajishika mbavu. Anasema nimetangaza treni ya magendo, na kwamba handaki ni la askari. Nani yuko sahihi? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Shemeji yako ana haki ya kucheka, ila kwenye handaki kacheka bure, na penye kichekesho chenyewe hakupaona. Tuanze na magendo.

"Chini kwa chini" husema kitu kinavyokwenda, hakisemi kilipo. Bomba likipasuka uani, ukashangaa ukuta wa mbele umelowa, utasema maji yamepita chini kwa chini. Mzizi wa mwembe huenda chini kwa chini mpaka kwa jirani. Humo ndimo ilimozaliwa maana ya siri, maana kinachopita bila kuonekana ni rahisi kudhaniwa kuwa kimefichwa. Mgombea ananunua kura chini kwa chini, wafanyakazi wanachangishana chini kwa chini. Siku hizi maana hii ya pili imeshika hatamu, hasa msemo ukigeuzwa sifa ya kitu. Ukisema "biashara ya chini kwa chini" au "mazungumzo ya chini kwa chini", msomaji haoni udongo tena, anaona watu wananong'ona. Treni yako imeingia katika kundi hilo.

Lakini usiutupe msemo wenyewe. Ukiupa kitenzi cha mwendo na ukataja mahali, unarudi kwenye udongo wake: "Treni inazama karibu na Paddington, inapita chini kwa chini chini ya maduka ya Oxford Street, inaipita Whitechapel." Hapo hacheki mtu. (Mimi ningeondoa "chini" moja hapo katikati, lakini hilo ni la sikio, si la sarufi.)

Kwa jina la usafiri wenyewe, "treni ya chini ya ardhi" imeshazoeleka na inatosha. Kuna wanaoipinga kwa hoja kwamba zaidi ya nusu ya njia za treni hizo za London ziko juu, hewani kabisa. Ni kweli ziko juu, lakini jina si maelezo. Mwendokasi wa Dar es Salaam haupotezi jina lake unapokwama kwenye foleni. Na pale ambapo wenyeji wanaita metro, nawe ita metro: metro ya Cairo, ya kwanza barani Afrika, iliyofunguliwa mwaka 1987, au metro ya Paris. Neno fupi, linaishia na irabu, halina ugomvi na mtu.

Sasa "mstari". Mstari huchorwa kwa rula. Kwenye ramani ya London iliyobandikwa ukutani kuna mstari wa zambarau, sawa, lakini chini ya ardhi hakuna mstari, kuna njia. Babu zetu waliosafiri kwenda Kigoma walipanda treni ya Reli ya Kati, na sijasikia aliyeiita Mstari wa Kati. "Laini" nayo tumeshaikabidhi kwa simu. Andika "njia ya Elizabeth" au "reli ya Elizabeth", yoyote kati ya hizo.

Tuje kwenye handaki, ambalo ndilo lililonifanya nichague swali lako kati ya mengine.

Nilikuwa ndani ya treni ya SGR kwenda Dodoma. Baada ya kuipita Morogoro yenu, kwenye milima ya upande wa Kilosa, dirisha likawa jeusi ghafla na taa za ndani zikaonekana. Mbele yangu alikaa bibi na mjukuu wake. Bibi akasema, "Tumeingia pangoni." Mjukuu akamsahihisha, "Bibi, hili linaitwa handaki." Bibi akamgeukia: "Handaki? Kuna vita gani?"

Bibi na shemeji yako wanakisema Kiswahili kilekile. Neno limetoka kwenye Kiarabu, khandaq, yaani shimo refu linalochimbwa kuzunguka mji au ngome ili adui asivuke. Waliosoma madrasa wanaijua Vita ya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, watu wa Madina walipochimba handaki kwa ushauri wa Salman al-Farisi. Nasi tukalipokea neno kwa maana hiyo: shimo refu, wazi kwa juu, askari anajificha humo. Kwa maana hiyo handaki halina paa.

Lililobadilika ni paa, na hapo historia ya London inamkatalia shemeji. Reli ya kwanza ya abiria chini ya jiji lile, ya Paddington hadi Farringdon, ilifunguliwa Januari 1863. Haikutobolewa kwa mashine. Vibarua walichimbua barabara, wakapata shimo refu lililo wazi, wakajenga kuta za matofali, wakaliezeka kwa tao, kisha barabara ikarudishwa juu yake. Yaani lilikuwa handaki halali kabisa, la aina anayoijua bibi, isipokuwa limefunikwa. Neno letu limepita njia hiyohiyo: kwanza wazi, kisha likafunikwa. Magazeti na watangazaji wa SGR wamelitumia hivyo mpaka limekomaa, na mjukuu wa yule bibi hana habari kwamba liliwahi kuwa la askari tu. Lako ni sahihi. Penye hatari ya kuchanganya, liongezee neno moja: handaki la reli, handaki la vita. Ule wa maji ya mvua uache uitwe mtaro.

Angalia tu upatanisho. Ni handaki hili, mahandaki haya. "Handaki hii" naisikia kila siku redioni na kila siku inanikera.

Kuna jambo la vitenzi pia. Handaki huchimbwa, kituo hujengwa, lakini kwa njia ya Elizabeth kitenzi "kuchimba" hakimalizi kazi. Mashine nane, kila moja na uzito wa karibu tani 1,000, zilikuwa zikila udongo kwa mbele huku kwa nyuma zikipanga vipande vya zege kuwa ukuta wa mviringo. Mdudu akifanya hivyo kwenye gunia la mahindi tunasema amebungua. Sikushauri uandike "mashine ilibungua London", ingawa ningeisoma kwa raha. Tumia "kutoboa" pale unapotaka kuonyesha mwendo wa kupenya, na "kutokeza" kwa siku ile mashine inapovunja ukuta wa mwisho na kichwa chake kuonekana upande wa pili: "Mei 2015, Victoria ilitokeza Farringdon." (Victoria ni jina la mojawapo ya mashine hizo.) Kwa Kiswahili siku hiyo haihitaji neno jingine. Na pale inapoanzia, ule uwazi wa kuingilia, ni mdomo wa handaki.

Umeona nimesema Victoria ilitokeza, sikusema alitokeza. Hapa ndipo shemeji alipopitwa. Wachimbaji wa mahandaki wana desturi ya kuzipa mashine majina ya wanawake. Ada ilipewa jina la Ada Lovelace, mwanahisabati, na mwenzake Phyllis jina la Phyllis Pearsall, aliyetengeneza kitabu cha ramani za mitaa ya London. Zote mbili zilianzia Royal Oak mwaka 2012. Kwa Kiswahili jina la mtu halikifanyi chombo kuwa mtu: MV Liemba inatia nanga Kigoma, haitii nanga kwa "a". Kwa hiyo "Ada ilianza kuchimba". Tatizo ni kwamba mzazi yeyote wa Tanzania akisoma sentensi hiyo ataifikiria ada ya shule, nayo inachimba kweli, mifukoni. Weka neno mbele: "mashine iitwayo Ada ilianza kuchimba."

Stesheni au kituo? Yote mawili ni Kiswahili. Sikio langu linaona stesheni ina mizigo, benchi na mtu anayesubiri kwa saa nzima, na kituo ni pa kutua na kuondoka. Kwa treni zinazofuatana kwa dakika chache ningesema kituo. Usichanganye tu yote mawili katika aya moja, na uwe mwangalifu video yako ikifika Liverpool Street: treni ina urefu wa zaidi ya mita 200, jukwaa la abiria likawa refu kiasi kwamba upande mmoja unapandisha ngazi za umeme ukatokea Liverpool Street, upande wa pili ukatokea Moorgate. Hicho ni kituo kimoja chenye milango ya viwili, usikihesabu mara mbili.

Kwenye kituo cha Canary Wharf, mafundi walizuia maji ndani ya gati la zamani, wakayavuta yakaisha, ndipo wakachimba. Huo uwazi mkubwa Waingereza wanauita boksi. Wewe uite shimo la kituo.

Sentensi yako basi iwe hivi: "Njia mpya ya treni ya Elizabeth ina mahandaki ya kilomita 42 na vituo vipya 10. Mashine iitwayo Ada ilianza kuchimba mwaka 2012." Msomee shemeji, kisha muulize yeye angeandika "Ada ilianza" au "Ada alianza".