Kazan: saa yako usiiguse

Tangu nilipotaja kwamba nimekaa siku tisa Kazan, mji mkuu wa Tatarstan ulio kando ya mto Volga nchini Urusi, maswali hayajakatika. Leo najibu yale yanayojirudia.

Nikishafika Moscow, niende kwa ndege au kwa treni? (Msomaji, Tanga)

Treni, tena ya usiku. Ni kama kilomita 800. Unapanda jioni stesheni ya Kazansky, asubuhi umefika. Behewa la bei nafuu halina vyumba, ni vitanda 54 vya juu na vya chini, na kila abiria na kandambili zake. Mwisho wa behewa pana tangi la maji ya moto usiku kucha, bure. Mhudumu atakuazima glasi iliyokaa ndani ya kishikio cha chuma chenye nakshi. Wewe sema tu "chai", utaeleweka, maana na wao ni chai vilevile. Hata samawari ya kwa bibi zetu Unguja na Lamu, kwao ni samovar. Mama aliyelala kitanda cha chini yangu alinisukumia yai la kuchemsha na nusu tango kabla hata hatujasalimiana.

Saa yako usiiguse. Kazan, Moscow, Dar na Nairobi zote zina saa ileile. Kitakachokuvuruga ni jua: mwezi Juni linachomoza yapata saa tisa usiku. Mwenye kuswali aangalie ratiba ya Alfajiri kabla hajalala, la sivyo itampita akiwa anakoroma.

Nitapata chakula halali na msikiti? (Msomaji, Mombasa)

Utapata mpaka uchague. Watatari, wenyeji wa Tatarstan, ni Waislamu tangu enzi za dola ya Wabulgari wa Volga, dola ya kale ya eneo hilo; Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad, aliwafikia mwaka 922 akakuta mtawala wao ameshaipokea dini. Msikiti unaopigwa picha sana ni Kul Sharif, ndani ya ngome ya kale ya mji, wenye kuba la buluu. Huo ni mpya, ulifunguliwa mwaka 2005, na umepewa jina la imamu aliyeuawa akiutetea mji dhidi ya jeshi la Tsar Ivan wa Nne wa Urusi mwaka 1552. Ni mzuri, lakini watalii wanajaa. Mimi moyo wangu ulibaki Marjani, mtaa wa Watatari wa zamani, uliojengwa kati ya 1766 na 1770. Ndio msikiti wa kwanza wa mawe kuruhusiwa baada ya zaidi ya miaka 200 ya mji kutekwa, na ruhusa ilitoka kwa Malkia Catherine wa Pili wa Urusi. Wenyeji husimulia kwamba wabaya wao walikwenda kumshtakia kuwa mnara umezidi urefu, naye akajibu kuwa yeye anatawala ardhi, mbingu si zake. Kama si kweli, basi aliyeitunga alijua kutunga.

Chakula: anza na echpochmak, maana yake "pembe tatu". Ukiiona utasema sambusa, ila hii inaokwa, na ndani mna nyama, viazi na vitunguu. Chak-chak ni ndugu wa visheti, vipande vya unga na mayai vilivyokaangwa vikashikanishwa kwa asali. Kazylyk ni soseji ya farasi. Nimekuambia mapema ili usije ukauliza baada ya kumeza.

Na tega sikio. Kitatari na Kiswahili hazina undugu wowote, lakini zote mbili zimechota kwenye kisima cha Kiarabu. Kitabu ni kitap, wakati ni vakyt, habari ni khabar, dunia ni dönya. Asante ni rakhmat, na rehema yetu imo humo. Muuza asali mmoja sokoni nilimtajia hayo maneno manne, akaniita meza ya nyuma kwa chai nyingine.

Ule mnara uliopinda una kisa gani? (Msomaji, Kigoma)

Ni mnara wa Söyembikä, ghorofa saba, na ncha yake imeegemea kando karibu mita mbili. Kisa kinasema Tsar Ivan wa Nne alimtaka malkia wa Kazan, Söyembikä, malkia akataka kwanza ajengewe mnara kwa siku saba, ulipokamilika akapanda juu akajirusha. Historia inakataa. Malkia alipelekwa Moscow mwaka 1551, kabla mji haujaanguka, na mnara wenyewe ulijengwa miaka mingi baadaye. Waongoza watalii watakupa kisa. Kipokee, ni kitamu.

Volga yenyewe naionaje? (Msomaji, Bukoba)

Hapa wengi wanakosea. Wanapiga picha ya maji chini ya ngome wakidhani ni Volga, kumbe ule ni Kazanka, mto unaoingia Volga. Zamani Volga ilipita kilomita kadhaa mbali na mji. Iliusogelea miaka ya 1950, baada ya bwawa la Kuibyshev, lililojengwa kwenye Volga, kujaa.

Panda boti ya kiangazi uende kisiwa cha Sviyazhsk. Mwaka 1551 watu wa Ivan walikata miti misitu ya Uglich, huko juu mtoni, wakaunda ngome nzima, wakaifumua, wakatia alama kila gogo, wakaielea Volga hadi hapo na kuisimamisha tena kwa takriban wiki nne. Kutoka ngome hiyo ndipo walipoivamia Kazan mwaka uliofuata. Lile bwawa likaja kukifanya kilima hicho kisiwa. Shuka, nunua samaki wa kukaushwa, kaa ukingoni. Mimi nilipitwa na boti ya kurudi na sikujuta sana.

Kadi yangu ya Visa itafanya kazi?

Hapana. Tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard za nje hazifanyi kazi Urusi. Beba dola au euro taslimu, noti safi zisizo na mikunjo.

Ni salama kwenda?

Nchi iko vitani, na mimi sitakudanganya. Desemba 2024 droni ziligonga majengo ya makazi Kazan kwenyewe, na uwanja wa ndege ukafungwa kwa muda. Soma tahadhari za serikali yako kwanza. Na wewe dada wa Kampala uliyeandika umeahidiwa "kazi na mafunzo" huko Tatarstan: hilo si swali la utalii. Mwaka 2024 iliripotiwa kwamba wasichana wa Kiafrika waliokwenda kwa ahadi kama hizo walijikuta wakiunganisha droni za vita. Usitie sahihi.

Ni kweli Ujerumani ilifia huko? (Msomaji, Mwanza)

Kweli kabisa. Kombe la Dunia 2018, Kazan Arena: Korea Kusini iliifunga 2-0. Siku tatu baadaye Argentina ikalala 4-3 kwa Ufaransa, kisha Brazil 2-1 kwa Ubelgiji. Vigogo watatu, uwanja mmoja. Dereva wangu wa teksi alinihesabia kwa vidole, akiwa ameachia usukani.