Kadi tatu, deni dola 9,000, na nyumbani wanasubiri mchango

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni kijana wa Tanga, niko Dallas mwaka wa tano sasa, nafanya kazi godauni shifti ya usiku. Nina kredit kadi tatu, ya kwanza nadaiwa dola 5,200 riba 24%, ya pili 2,700 riba 29%, ya tatu 1,100 riba 27%. Nyingi sikula mimi anti, mama aliumwa nikatoa keshi ATM kwa kadi nikatuma, ikaja harusi ya binamu, ukaja msiba. Kila mwezi nalipa ile minimamu, kile kiwango cha chini kabisa wanachotaka benki, sikosi lakini deni liko palepale. Juzi kampuni moja imenipigia wanasema niache kulipa benki, hela niwape wao, deni litashuka nusu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hao waliopiga simu usiwape hata senti. Ukiacha kulipa, faini zinaongezeka na riba inazidi kutembea, ukipitisha siku 30 benki inaweza kukuripoti Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za madeni ya watu, na doa hilo linakaa miaka 7, siku unatafuta nyumba ya kupanga au mkopo wa gari wanaliona. Tena tangu 2010 kanuni za huko zinakataza kampuni za namna hiyo zinazotafuta wateja kwa simu kuchukua ada kabla hazijakumalizia hata deni moja, sasa akikwambia tanguliza hela, kata simu.

Kwa nini deni halishuki? Angalia hiyo kadi ya kwanza, 24% kwa mwaka ni kama 2% kwa mwezi, kwenye 5,200 riba peke yake ni dola 104. Benki nyingi minimamu yao ni riba ya mwezi na 1% ya deni juu yake, yaani 156, kwa hiyo unatoa 156 deni linapungua 52 tu, mwezi mzima umekesha unabeba maboksi! Fungua stetimenti yako, sheria ya kadi ya 2009 inailazimisha benki ikuandikie humo ukilipa minimamu tu utamaliza lini, na ulipe ngapi umalize kwa miaka 3. Isome hata kama inauma.

Mpango wangu ni huu, kadi zote zifungie kabatini, minimamu za zote ziwe zinajilipa zenyewe kutoka akaunti, halafu kila dola ya overtaimu iende kadi moja tu. Kimahesabu ungeanza na ya 29%, ila mimi nasema anza na ile ya 1,100, tofauti ya riba haifiki dola 2 kwa mwezi na wewe unahitaji kuona kitu kimeisha. Ikiisha, hela yake yote hamishia ya 29%. Piga na simu benki uwaambie umebanwa, uliza kama wana mpango wa kupunguza riba, wengi wanao ila hawakutangazii. Ukishindwa peke yako tafuta washauri wa madeni wasiofanya biashara, walio chini ya NFCC, umoja wa washauri hao huko Marekani, wanaongea na benki riba ishuke, unalipa mara moja kwa mwezi, kwa kawaida unamaliza miaka 3 hadi 5.

Lakini mwanangu, hiyo keshi ya ATM ndiyo imeniuma. Ukinunua dukani kwa kadi na bili ukaimaliza yote kila mwezi, una angalau siku 21 tangu bili itoke bila riba, ila keshi inakatwa ada hapohapo na riba inaanza siku ileile, mara nyingi kubwa kuliko ya manunuzi. Na kule Tanga hawajui, wanaona yuko Marekani, ametuma, basi anazo. Mpigie mama wewe mwenyewe, asisikie kwa watu, mwambie zile zilikuwa hela za benki na bado unazilipa. Dawa zake tenga kwenye mshahara, kiasi kidogo kisichokatika. Harusi na kamati zake waambie safari hii sina, na usiseme nitaangalia, maana huku wakisikia nitaangalia wanakuandika kwenye daftari.