Besi Ikivuma Vibaya, Usikimbilie Kukata Bomba

Watu wakiniuliza kuhusu boksi la spika walilotengeneza wenyewe, mara nyingi swali huja na jibu lake ndani: "Besi haijakaa sawa. Nilikate bomba au nilirefushe?" Nami huwarudishia swali: boksi lako limetyuniwa Hz ngapi, yaani mitikisiko mingapi kwa sekunde, sasa hivi? Siulizi ulilokusudia, wala namba uliyopata kwenye programu. Nauliza namba halisi, ya boksi hilo hilo lililosimama mbele yako. Wachache sana huwa nayo, na bila namba hiyo kila msumeno unaopita kwenye bomba ni kubahatisha.

Habari njema ni kwamba kuipata hakuhitaji maabara. Boksi lenye poti, yaani tundu lenye bomba la kupitishia hewa, hufanya kazi kwa kanuni ileile inayofanya chupa itoe mlio ukipuliza mdomoni mwake, kanuni iliyochunguzwa na Hermann von Helmholtz katika karne ya 19. Hewa iliyomo ndani ya bomba ni uzito, na hewa iliyofungiwa ndani ya boksi ni springi. Viwili hivyo vikiwa pamoja vina masafa yao maalumu ya kutikisika. Spika ikipiga masafa hayo, hewa ya bombani huenda na kurudi kwa nguvu, shinikizo ndani ya boksi hupanda, na koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, hukandamizwa hata ikakaribia kusimama. Besi unayoisikia wakati huo inatoka karibu yote bombani.

Kwa hiyo koni yenyewe itakuambia. Weka kwenye simu programu ya kutoa toni, iunganishe na amplifaya, anza na 80 Hz kwa sauti ya wastani, kisha shuka polepole, Hz moja moja. Gusa ukingo wa koni kwa ncha ya kidole, kwa wepesi kabisa. Utahisi mtikisiko ukiongezeka, kisha ukipungua, kisha ukififia kabisa huku upepo bombani ukizidi. Endelea kushuka, koni itaanza tena kuruka. Pale ilipotulia zaidi ndipo boksi lako lilipo. Taa ikimulika koni kwa pembeni, hata macho yanatosha.

Ukitaka uhakika zaidi, tafuta rizista ya ohm 10 inayobeba wati 10 na mita ya umeme inayosoma volti ndogo za AC. Pitisha waya mmoja wa spika kwenye rizista hiyo, weka sauti ndogo, kama volti 2 kutoka kwenye amplifaya, kisha pima volti kwenye vituo vya spika, pale waya zinapofungwa, huku ukibadilisha toni kuanzia 15 Hz hadi 120 Hz. Andika kila namba. Ukizichora, utaona vilima viwili na bonde katikati. Chini kabisa ya bonde ndipo masafa ya boksi. Bonde likiwa pana kiasi kwamba hujui katikati yake ni wapi, ziba poti kwa kifuniko kisichopitisha hewa, upime tena. Sasa kutakuwa na kilima kimoja tu. Chukua masafa ya vilima viwili vya mwanzo, kila moja ulizidishe kwa lenyewe, ujumlishe, kisha utoe masafa ya kilima cha boksi lililozibwa yakiwa yamezidishwa kwa yenyewe. Kipeuo cha pili cha jibu ni masafa ya poti. Napenda sana njia hii, kwa sababu hata mita ya kawaida inaweza kuifanya kwa usahihi wa kuaminika.

Rafiki yangu mmoja aliniletea boksi la spika ya inchi 10. Alilipigia hesabu ya 35 Hz, lakini besi yake ilikuwa ya noti moja: kila wimbo ulisikika kama mpiga gitaa la besi anajua kamba moja tu. Alikuwa ameshashika msumeno. Tulipima, vilima vikawa 23 Hz na 70 Hz, na poti ilipozibwa kilima kikawa 60 Hz. Fanya hesabu ile: 529 ongeza 4,900, toa 3,600, unabaki na 1,829. Kipeuo chake cha pili ni karibu 43. Boksi lilikuwa juu kwa Hz 8 nzima, na kukata bomba kungelipandisha zaidi.

Tukachukua futi kamba. Nje, boksi lilikuwa sentimita 50 kwa 35 kwa 36, yaani lita 63, na ndiyo namba iliyoingizwa kwenye hesabu. Lakini mbao zilikuwa na unene wa milimita 18. Ndani kulibaki 46.4 kwa 31.4 kwa 32.4, lita 47 tu. Kisha toa nafasi inayochukuliwa na sumaku na fremu ya spika, mihimili ya kukazia, na bomba lenyewe, ambalo kwa kipenyo cha nje cha sentimita 11 na urefu wa sentimita 23 linakula zaidi ya lita 2. Ujazo halisi ulikuwa lita 41. Theluthi moja ya boksi ilikuwa ipo kwenye karatasi tu.

Hesabu ya bomba la duara ni rahisi. Kipenyo cha ndani kwa sentimita kizidishe kwa chenyewe, kisha uzidishe kwa 23,562. Gawanya kwa masafa yaliyozidishwa kwa yenyewe mara lita za boksi. Mwishoni toa kipenyo mara 0.73, kwa sababu hewa iliyo nje kidogo ya midomo ya bomba nayo husogea pamoja na ile ya ndani, na bomba huonekana refu kuliko lilivyo. Kwa lita 63, 35 Hz na kipenyo cha sentimita 10, unapata sentimita 23, lile lile bomba alilolifunga. Kwa lita 41 za kweli, unapata karibu sentimita 40, na ndani ya boksi hakuna kina cha kutosha. Tukahamia bomba la sentimita 8, ambalo kwa hesabu hiyo hiyo linahitaji sentimita 24. Likaingia vizuri na kubakiza sentimita 10 hivi kabla ya ukuta wa nyuma. Hiyo nafasi ya nyuma ina maana. Mdomo wa ndani ukikaribia ukuta kuliko kipenyo cha bomba, hewa hubanwa na masafa hushuka kwa namna ambayo hesabu haikuiona.

Bomba jembamba lina bei yake, lakini. Kipenyo kikishuka kutoka 10 hadi 8, hewa ile ile inapita kwa kasi iliyoongezeka kwa zaidi ya nusu. Hapo ndipo unapozaliwa ule mlio wa "fuuu, fuuu" unaosikika besi ikizama. Wajenzi wengi hujaribu kutovuka mita 17 kwa sekunde, takriban asilimia 5 ya kasi ya sauti, na kwa uzoefu wangu ni mpaka mzuri kwa anayesikiliza kwa makini. Dawa ya kwanza ni kuviringisha midomo yote miwili ya bomba, wa nje na wa ndani, maana wengi huulainisha unaoonekana na kuusahau uliojificha. Dawa kubwa zaidi ni bomba pana, na bomba pana lazima liwe refu. Hakuna njia ya kukwepa hilo. Likikosa nafasi, tumia kiwiko na upime urefu kwa kufuata mstari wa katikati. Mabomba mawili ya ukubwa mmoja yanakubalika, ila ukumbuke kwamba kuongeza bomba la pili lenye urefu ule ule hupandisha masafa kwa mara 1.4. Ndiyo maana kuziba moja kati ya mawili ni jaribio zuri la haraka: boksi la 40 Hz linashuka hadi 28 Hz, na masikio yako yataamua kama unaelekea kuzuri.

Sasa kuvuja, tatizo ambalo lawama zake hutupiwa kila kitu kingine. Boksi linalovuja hupoteza besi ya chini bila kulalamika, na mwenye boksi hudhani poti imekosewa. Ziba poti kwa kiganja, sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa, kisha iachie. Ikirudi kwa uvivu, boksi limebana. Ikiruka papo hapo, hewa ina njia. Kisha achia poti, cheza toni ya 30 Hz kwa sauti ya kusikika na upitishe kiganja kilicholowa maji kwenye kila kiungo. Kiganja kibichi huhisi upepo ambao kikavu hakiuhisi. Ninapoukuta uvujaji, mara nyingi uko kwenye kikombe cha vituo vya waya, kwenye matundu ya skrubu yaliyopita hadi ndani, au chini ya fremu ya spika ambapo hakuna sponji. Pembe za mbao zilizogundishwa vizuri huwa na hatia mara chache. Ukitumia silikoni, iache ikauke kabisa na harufu iishe kabla ya kurudisha spika, kwa sababu mvuke wake unaweza kuharibu gundi za spika ukiwa umefungiwa ndani.

Kwenye vipimo vya rizista pia kuvuja huonekana: kilima cha chini kinakuwa kifupi waziwazi na bonde halizami vizuri. Sufi au sponji iliyojazwa kupita kiasi hutoa picha inayofanana na hiyo. Kwenye boksi la poti, bandika sponji kwenye kuta tu na uache njia wazi kutoka nyuma ya spika hadi mdomo wa bomba.

Kuna maboksi ambayo yako sahihi kila upande na bado yanavuma. Hapo angalia spika yenyewe. Kwenye karatasi ya vipimo vyake chukua Fs (masafa ya asili ya spika yenyewe), ugawanye kwa Qes (kipimo cha jinsi umeme wake unavyoituliza koni). Ukipata 100 au zaidi, spika hiyo inafaa poti. Ikiwa 50 au chini, inataka boksi lililofungwa, na hakuna urefu wa bomba utakaoibadilisha tabia. Vipimo hivi tunavyovitegemea vilitokana na kazi ya Neville Thiele, aliyoichapisha Australia mwaka 1961, na ya Richard Small katika miaka ya 1970. Kabla yao poti ilikuwepo tayari, Albert Thuras alipata hataza yake mwaka 1932, lakini wajenzi walikuwa wakijaribu na kusikiliza hadi ikubali. Namshukuru Thiele kila ninapofungua karatasi ya vipimo. Ukinunua spika isiyo na karatasi, unarudi kwenye zama za Thuras, na ningekushauri uipime mwenyewe kwa rizista ile ile kabla ya kukata ubao wowote.

Chumba nacho hudanganya. Kuta mbili zilizoachana mita 4 huvumisha 43 Hz au jirani yake, boksi liwe lolote. Toa boksi nje, mbali na kuta, na ucheze wimbo ule ule. Mvumo ukipotea, acha bomba lako, sogeza boksi mbali na kona, kisha ujaribu mahali pengine pa kukaa.

Ikiwa boksi lina spika mbili na besi haipo kabisa, hakikisha hazikufungwa kinyume. Betri ya volti 1.5 ikigusishwa kwenye waya kwa sekunde moja inatosha: koni zote mbili zitoke nje kwa pamoja. Moja ikiingia ndani, geuza waya zake.

Ukishajua tatizo ni urefu kweli, anza na bomba refu kuliko hesabu, sentimita 3 au 4 za ziada. Lishike kwa utepe uliobana bila gundi, pima, kata sentimita moja, pima tena. Fanya hivyo spika zote zikiwa zimefungwa na sponji imekaa mahali pake, kwa sababu kila kimoja kinabadilisha jibu kidogo. Tofauti ya Hz 1 au 2 na ulichokusudia usihangaike nayo, sikio haliioni.

Baada ya gundi kukauka, linabaki jambo moja ambalo linaua spika nyingi zilizotyuniwa vizuri. Chini ya masafa ya poti, boksi haliishiki tena koni. Hewa huingia na kutoka bombani bila upinzani, koni huruka kwa mapana huku sauti ikishuka desibeli 24 kwa kila oktava (kila masafa yakipungua kwa nusu), kwa hiyo unaongeza sauti ukitafuta besi ambayo haipo, na koili, waya uliozungushwa nyuma ya koni, inagonga. Kama amplifaya yako ina kichujio cha kukata masafa ya chini, kiweke Hz 3 hadi 5 chini ya masafa uliyopima. Boksi la 35 Hz likatwe kwenye 30 hivi. Kama haina, cheza wimbo wenye besi nzito uliouzoea, kaa karibu, na uangalie koni badala ya kusikiliza: ikianza kupepesuka bila mpangilio, hapo ndipo mwisho wa sauti ya boksi hilo.