Kwa wewe unayeanza kunyanyua vyuma: mguu wa Launceston Elliot

Kila kijana anayeingia jimu kwa mara ya kwanza hutaka kujua atanyanyua kilo ngapi. Hilo nimelizoea, na jibu langu huwa ni habari za Launceston Elliot, bingwa wa kwanza wa Olimpiki kutoka Uingereza, mtu wa ukoo wa Kiskoti wa Elliot wa Minto, aliyezaliwa India mwaka 1874.

Tarehe 7 Aprili 1896, katika Olimpiki ya Athens, kwenye uwanja wa marumaru, yeye na Viggo Jensen wa Denmark walinyanyua kwa mikono miwili uzito uleule, kilo 111.5. Zama hizo washindani hawakugawanywa kwa uzito wa miili, na hakuna kanuni iliyosema watu wakilingana ifanyweje. Mwanamfalme George wa Ugiriki, aliyekuwa mwamuzi, alimpa Jensen ushindi kwa sababu alinyanyua kwa usafi zaidi. Elliot alihangaika na chuma hadi mguu wake mmoja ukasogea. Waingereza walilalamika, wote wawili wakapewa nafasi ya kujaribu tena, lakini hakuna aliyeweza kupandisha zaidi.

Zingatia hapo. Nguvu zilikuwa sawa, kilichomnyima ushindi ni mguu.

Siku hizi kanuni zimebadilika: mkilingana kilo, aliyetangulia kuzifikisha ndiye anayekaa juu. Lakini ukinyanyua vibaya huhesabiwi hata kilo moja. Kiwiko kikikunjika wakati chuma kipo juu, kisha ukakinyoosha kwa kusukuma, waamuzi wawili kati ya watatu wakitoa taa nyekundu ya kukataa, jaribio limepotea. Na una majaribio matatu tu kwa kila aina ya unyanyuaji.

Kwa hiyo nakusihi, anza na chuma kitupu, kisichotiwa uzito wowote nchani. Cha wanaume kina kilo 20, cha wanawake 15, na hizo zinatosha kabisa kukuonyesha ulipo na kasoro. Simama miguu ikiwa na upana wa nyonga. Mgongo unyooke. Kipandishe chuma karibu na mwili, na usiharakishe kukivuta kwa mikono, maana miguu ndiyo inayosukuma na mikono inafuata. Kikishafika juu, rudisha miguu kwenye mstari mmoja, tulia, ngoja ishara ya mwamuzi ndipo ushushe. Wengi hushusha mapema kwa furaha. Fanya mazoezi ya kutulia kama unavyofanya ya kunyanyua, tena mbele ya mtu anayekutazama, kwa sababu mwenyewe hutauona mguu wako unaposogea.

Habari ya siku ile haikuishia hapo. Katika kutafuta kilo za ziada, Jensen aliumia bega. Yalipofuata mashindano ya mkono mmoja, aliweza kama kilo 57 tu, na Elliot akanyanyua 71 akawa bingwa. Mimi namheshimu sana Elliot kwa hilo. Alikuwa ametoka kushindwa kwa uamuzi ambao watu wake waliupinga, na bado akarudi kwenye chuma akiwa na akili timamu. Upande wa Jensen nao una funzo lake kwako: bega likianza kuuma, siku hiyo imekwisha. Hakuna kocha mwenye kukupenda atakayekuambia uongeze uzito.

Usidhani pia kwamba Elliot aliibuka tu Athens. Alikuwa mwanafunzi wa Eugen Sandow, mwenye nguvu aliyevuma kuliko wote wakati huo, na mwaka 1891, akiwa na miaka 16, alishindana London na watu wazima. Aliyeshinda ni Edward Lawrence Levy wa Birmingham. Miaka mitano ikapita kabla ya Athens. Tafuta mwalimu, na nenda mashindanoni hata kama unajua hutashinda.

Athens hiyohiyo alikimbia mita 100, akapanda kamba akawa wa mwisho, na katika mieleka akaangushwa na Mjerumani Carl Schuhmann. Ukishaanza kuinua vizito utajiona unaweza kila kitu. Mieleka ina ufundi wake.

Jambo la mwisho ni riziki. Olimpiki ya Paris ya 1900 haikuwa na unyanyuaji, Elliot akaenda kurusha kisahani. Baadaye aliishi kwa kuonyesha nguvu majukwaani: alibeba mabegani mti wa chuma wenye mwendesha baiskeli anayening'inia kila ncha, kisha akauzungusha. Mwaka 1923 alihamia Australia, akafia Melbourne mwaka 1930. Ikiwa una shule au kazi, ishike, na upange mazoezi kuizunguka. Siku tatu kwa wiki zinamtosha anayeanza.